Mke Mwenza wa Chuma

Bega langu liligoma mchana kweupe, kazi ikiwa katikati na mume wangu akiwa ameshika pumzi. Nilivuta kamba kama ninavyoivuta siku zote, kitu kikalia ndani ya bega, mkono ukashuka wenyewe mapajani na kukataa kupanda. Fimbo ikasimama. Yeye akangoja kidogo, kisu kikiwa bado hewani, halafu akapumua na kugeuka.

"Umechoka?"

"Mimi sijachoka," nikasema. "Bega ndilo limechoka. Mimi niko sawa."

Hakucheka. Aliweka kisu chini, akanishika mkono kama anavyoshika fimbo iliyopasuka, kwa vidole viwili, akiutafuta ufa. Nikamwambia aache kunipima, mimi si mti. Lakini machozi yalikuwa yananitoka kwa maumivu, na nilichukia kwamba aliyaona.

Sisi ni mafundi wa fimbo za pool. Nasema sisi, ingawa wateja wanamwita yeye Fundi na mimi Mama Fundi, utafikiri nimemzaa. Fimbo ya pool, kwa asiyejua, huugua mwisho wake mwembamba. Pale mwisho kuna kipande kidogo cha ngozi kinachogusa mpira, na chini yake pete nyeupe inayozuia mti usipasuke. Ngozi ikiisha au pete ikilegea, mchezaji hata awe bingwa wa namna gani, mpira utakwenda usikotumwa. Dawa yake ni kubandika ngozi mpya na kuichonga mpaka ilingane na mti pande zote, mtu akipitisha kidole asijue mti umeishia wapi na ngozi imeanzia wapi. Na hakuna anayeweza kuchonga hivyo kama fimbo haizunguki.

Ya kwetu niliizungusha mimi. Mume wangu alikuwa amesimika nguzo mbili fupi juu ya benchi, akazikata mapengo juu, na ndani ya mapengo akabandika ngozi iliyopakwa nta. Fimbo inalala humo. Mimi nakaa kwenye kigoda changu upande mnene, nimeizungushia kamba ya upinde, navuta kwenda na kurudi. Yeye anakaa upande mwembamba na kisu chake. Watu wakiona mara ya kwanza hudhani tunapiga zeze.

Siri ya kazi yenyewe haikuwa kwenye kamba. Ilikuwa kwenye pumzi zake. Kisu kinapokaribia mti, yeye hushika pumzi, na mimi hapo hapo napunguza mwendo. Akiachia, nasimama. Akivuta hewa ndefu puani, najua ameona sehemu mbaya na anataka fimbo iende haraka kidogo. Hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana hivyo. Siku moja tu nilitambua kwamba tumefanya kazi asubuhi nzima na hakuna aliyesema "simama". Tukigombana tunafanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa hatuongei na namsikia vizuri.

Daktari akasema bega limelika. Nisivute kitu tena kwa mkono ule, hata pazia. Nilimuuliza hadi lini, akanitazama kwa huruma ambayo sikuiomba.

Fimbo zikaanza kujaa pembeni mwa chumba cha kazi. Mume wangu alijaribu peke yake, akiviringisha fimbo pajani kwa mkono mmoja na kuchonga kwa mwingine, na ngozi zikatoka zimeegemea upande. Mwenye ukumbi wa michezo wa mtaa wa nyuma, ambaye fimbo zake zote tunazitibu sisi, alirudisha mbili kwa adabu na kusema wachezaji wananung'unika. Mume wangu aliomba radhi. Alipoondoka yule bwana, alikaa akitazama mikono yake, na mimi niliumia kuliko nilivyoumia bega.

Binti yetu ndiye aliyelitoa wazo, kwa simu. Nunueni mashine ya kukereza, alisema, ile inayozungusha mti kwa umeme, baba abaki na kisu chake tu. Mume wake atatupeleka kuzitazama kwa gari lake. Maneno yalikuwa ya akili na nilimsifu. Kisha nikamwambia kwamba maskini mimi, uzeeni ndiyo naletewa mke mwenza, tena wa chuma. Alicheka mpaka akakohoa. Baba yake alicheka pia. Nilicheka nao, nikaenda jikoni, nikafunga mlango na kukaa.

Niliogopa, ndiyo kweli yenyewe. Tangu cherehani yangu ya umeme ivunjike meno ya ndani na kutupwa chini ya kitanda, kazi yangu ilikuwa ile kamba. Asubuhi tunaingia wawili, jioni tunatoka wawili. Mashine ikija, nitakuwa mtu wa kuleta chai na kuondoka na vikombe. Na nisipokubali ije, mume wangu atavunjika moyo mbele ya macho yangu, fimbo moja baada ya nyingine. Nilijikaza, nikafuta uso kwa kanga, nikatoka na kusema tutaenda Jumamosi.

Mkwe wetu ni fundi umeme wa magari, kijana wa maneno machache na adabu nyingi. Akiwa mbele yangu hutazama viatu vyake, kama vile nimewahi kumla mtu. Alitupakia mbele wote watatu, mimi katikati, na mume wangu akashika mlangoni fimbo mbili mbovu za kujaribia.

Mahali pa kwanza palikuwa karakana ya vyuma. Mashine ilikuwa kubwa kama kitanda cha mfalme, nyeusi kwa grisi, na mwenyewe aliipigapiga mgongoni akasema hii inakereza hata ekseli ya lori. Mume wangu alichuchumaa kutazama tundu lililopenya kichwani mwake. Fimbo za kumbi zetu nyingi ni za kipande kimoja, hazifunguki, kwa hiyo upande mnene lazima upite ndani ya kichwa cha mashine na kutokea nyuma ili ncha ibaki mbele ya fundi. Tundu lilitosha. Fimbo ikapita, mkia wake mrefu ukaning'inia nyuma bila kushikwa na kitu.

"Mwendo wake unaongozwa wapi?" mume wangu akauliza.

"Gia hii hapa. Ukishaingiza, umeingiza. Haina mchezo."

Akaivuta. Ule mkia ulianza kutikisika, ukapiga duara, duara likapanuka, na kabla sijafumba macho mkwe alinidaka mkono akanivutia ukutani. Fimbo ilikatika. Kipande kikaruka, kikagonga bati, kikaanguka miguuni pa mwenye karakana, naye akakitazama kana kwamba kimetoka kwa jirani.

"Mti wenyewe ulikuwa mbovu," akasema.

"Ulikuwa mbovu," mume wangu akakubali, "lakini ulikuwa mzima."

Garini, mkwe aliniomba radhi njia nzima kwa kunishika mkono. Nilimwambia mkono ule ulikuwa ule mzima, na hata ungekuwa mbovu angeukamata tu, heri bega kuliko jicho. Kimoyomoyo nilikuwa nimefurahi. Mke mwenza wa kwanza amejifukuzisha mwenyewe.

Mahali pa pili palikuwa duka, lenye vioo safi na feni. Mashine zilipangwa kwenye meza, ndogo, zinang'aa, za kukerezea bakuli na miguu ya stuli. Binti wa dukani alituambia "karibuni wazazi wangu" na kutuletea viti. Nilimpenda, na kwa sababu hiyo mashine zake zikanitisha zaidi.

Mume wangu alizipitia moja moja. Aligeuza magurudumu madogo, akainusa mikanda, akaweka sikio. Kisha akapeleka kidole kichwani mwa ile nzuri kuliko zote, kidole kikagonga ukuta.

"Hii haina tundu."

"Haina, mzee wangu. Mti unabanwa huku na huku, unashikwa ncha zote mbili."

"Na mimi kazi yangu iko kwenye ncha. Ukiishika ncha, mimi nishike nini?"

Binti alifikiri kwa haki, akakiri kwamba hapo kweli. Mume wangu akamuuliza lile lile swali lake, mwendo unaongozwa wapi. Akaonyeshwa swichi, moja ya kuwasha na moja ya kuzima, na mkanda wa kuhamisha kwa mkono. Akaitikia kwa kichwa. Nilimwona akirudi hatua, akitazama sakafu mbele ya meza na nyuma ya pale anaposimama fundi, kama mtu aliyeangusha kifungo. Nikamuuliza ameangusha nini. Akasema hakuangusha kitu.

Ya tatu tuliipata nyumbani kwa mzee aliyekuwa mkerezaji wa mipini ya mafagio na fimbo za pazia. Alikuwa anahamia kwa mwanawe na hakuwa na pa kuipeleka mashine. Ilikuwa uani chini ya turubai, na alipolifunua alilifunua polepole, kwa heshima. Sikupenda ile heshima. Ilikuwa mashine ya urefu wa wastani, imepakwa rangi ya kijani iliyochubuka pale tu mkono unapogusa. Tundu lilipenya kichwa chote. Na nyuma, kwa kuwa mipini yake ilikuwa mirefu, mzee yule alikuwa ametengeneza pete ya mbao yenye ngozi laini ndani, imesimama juu ya mguu wake, kazi yake kushika mkia usitikisike.

Mume wangu aliigusa ile pete. Nilimwona uso ukimlegea. Ule uso naujua. Ndio aliokuwa nao yeye siku binti yetu alipozaliwa, na mara nyingine chache ambazo hazimhusu mtu. Nikajua nimekwisha.

Mzee akaiwasha. Ilinguruma kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Fimbo yetu ya pili ya kujaribia ilizunguka humo kwa utulivu hata ukadhani imesimama.

"Mwendo wake?" akauliza mume wangu, kwa sauti ya mtu anayeomba jibu zuri.

"Mmoja tu. Mota ina nguvu, haijui kuchoka. Unaiwasha, unaisahau." Mzee akatabasamu, akaipapasa. "Nakwambia ndugu yangu, hujapata mwenzio wa kazi kama huyu. Haumwi bega, hachelewi, na haongei."

Mkwe akakohoa. Mzee wa watu hakujua alichosema. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za bega langu, na kwa wakati ule nilikuwa nimeuficha mkono ndani ya kanga. Nilitazama pembeni, kwenye kamba ya nguo iliyoanikwa shuka moja. Nilijiambia nisilie uani kwa watu.

"Ndilo tatizo lake," mume wangu akasema.

"Lipi?"

"Hilo la mwisho." Akaizima mwenyewe. "Nitafikiri, kaka. Usimpe mtu mwingine kwanza."

Tulipoingia garini maji yalikuwa yamenifika shingoni. Nilimuuliza sasa hii nayo ina kosa gani. Tundu inalo, pete inayo, imetulia kuliko sisi sote. Akasema ina mwendo mmoja. Nikamwambia kila kitu duniani kina kasoro, hata yeye ninaye mwaka wa ngapi huu na anakoroma. Mkwe alikaza macho barabarani kama anaendesha juu ya kamba.

"Mikono yangu yote iko kwenye kisu," mume wangu akasema. "Nani atapunguza?"

"Utazoea."

"Sitaki kuzoea."

"Basi unataka nini? Bega halirudi. Daktari amesema, na mimi nimesema, na bega lenyewe limesema. Fimbo zimejaa. Mwenye ukumbi atatafuta fundi mwingine na hatakosea. Kama unaogopa mimi nitanuna, sinuni. Nimekubali. Nakupisha."

Hapo sauti yangu ikafanya kitu kisicho na maana, ikakatika.  Mume wangu aliweka mkono wake juu ya goti langu ukabaki hapo mpaka nyumbani. Nilitamani kuusukuma na nilitamani usiondoke, na bahati yake mkono wangu mzima ulikuwa umeushika ule mbovu.

Siku iliyofuata niliamua kuonyesha kwamba sinuni. Niliingia chumba cha kazi yeye akiwa ametoka, nikakunja kamba ya upinde na kuiweka kwenye mkebe wa misumari. Nikakitwaa kigoda changu kwa mkono wa kushoto nikakipeleka jikoni. Ni kigoda cha miguu mitatu alichonitengenezea yeye, kimechongwa kikalio kwa kunipima mimi, na mtu mwingine akikikalia hulalamika. Pale kilipokuwa sakafuni palibaki alama tatu nyeupe. Nilizifagia, hazikutoka.

Alirudi, akaona, akatoka tena. Nilimsikia akiwa nje na simu, akinong'ona na mkwe. Mwanamume yule hajui kunong'ona. Nilisikia "umeme" na "usimwambie". Siku mbili tatu mkwe akawa anakuja jioni baada ya kazi, ananisalimu, "Shikamoo mama," nasema marahaba, anatazama viatu vyake na kupotelea chumba cha kazi. Mlango unafungwa. Nilipoinama chini ya kitanda kufagia, niliona cherehani yangu mbovu imehama mahali pake, na kifuniko cha ubavuni kimelegea. Nikadhani wanapima vyuma vya kuuza chakavu ili mke mwenza apate nafasi. Nilinyoosha mgongo nikajisemea, wacha wachukue, hata hiyo wachukue.

Jumamosi wakaileta. Walikuwa wamekwenda kwa yule mzee alfajiri bila kunialika. Nilisikia gari likirudi nyuma hadi mlangoni, nikasikia "shusha kwako, shusha kwako," nikasikia chuma kikigusa sakafu kwa uzito wake wote. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga, kwa mkono mmoja, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitatoka mpaka niitwe, na nikiitwa nitachelewa.

Wakahangaika huko muda mrefu. Nyundo, spana, kimya, mzozo mdogo kuhusu waya, kimya tena. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka. Alikuwa yeye. Ana grisi mpaka kwenye nyusi.

"Mama watoto, simama."

"Nina unga mkononi."

"Simama tu."

Nikasimama. Akainama, akakiokota kigoda, akakipiga vumbi kwa kiganja, akaondoka nacho. Hakuniambia nimfuate. Nilibaki nimesimama katikati ya jikoni na unga ukinikauka vidoleni, nikitazama mahali kilipokuwa, halafu miguu ikaenda yenyewe.

Mashine ilikuwa imesimama juu ya benchi letu, pale pale palipokuwa na nguzo zetu mbili. Pete ya mbao ilikuwa upande wa kushoto, imeshika mkia wa fimbo. Lakini ile mota kubwa ya yule mzee haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu kidogo cheusi ninachokijua, kina mkwaruzo ubavuni uliofanywa na binti yetu alipokuwa mtoto. Ilikuwa mota ya cherehani yangu. Waya ulitoka kwake, ukateremka mguu wa benchi, ukapita sakafuni hadi nyuma ya kiti cha mume wangu. Huko mwisho wake, hatua moja tu kutoka kwenye zile alama tatu nyeupe, kilikuwa kigoda changu. Na mbele ya kigoda, pedali ya cherehani yangu, ile ya kukanyaga kwa mguu.

"Meno ndiyo yalikuwa yamevunjika," mkwe akaviambia viatu vyake. "Mota ilikuwa nzima, mama. Kazi yenyewe nyepesi, inaitosha. Ukikanyaga kidogo inakwenda kidogo. Ukiachia inasimama. Baba alisema lazima iwe hivyo, la sivyo haichukui."

Nilimgeukia baba mwenyewe. Alikuwa anapangusa kisu ambacho hakikuwa na uchafu.

"Zote nilizotazama," akasema, "hazikuwa na pa kukaa wewe."

Kwa kawaida nina jibu. Watu wananijua kwa hilo. Siku ile nilifungua mdomo, kikatoka kilio, tena kibaya, cha mtu mzima, mbele ya mkwe. Maskini kijana alisema anakwenda kutazama gari, na gari lilikuwa halina kitu. Mume wangu alinipa kitambaa chake cha grisi nikajifutia, ndiyo maana siku ile uso wangu ulikuwa mweusi hadi jioni.

Nilipotulia nikakaa. Tulichukua fimbo ya kwanza pembeni, moja ya zile mbili zilizorudishwa. Alikuwa ameshabandika ngozi mpya na gundi imekauka. Akaipitisha kichwani, akaibana, akashika kisu. Nikakanyaga. Ikaruka kwa kasi ya wazimu, nikaachia upesi, tukatazamana.

"Hiyo ni fimbo," akasema, "si suruali ya mteja wa sikukuu."

"Nyamaza, nimeizoea ikishona."

Nikakanyaga tena, kwa ncha ya dole. Ikaja taratibu, ikaja vizuri, ikatulia. Mguu wangu ulikumbuka kazi ambayo nilidhani imenitoka. Akainama, kisu kikasogea, na hapo nikasimamisha.

"Mbona umesimama?"

"Sikusikii."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo maana yangu. Inanguruma. Sikusikii unavyopumua."

Aliweka kisu chini. Nilimwona anatazama mashine, pete, waya, pedali, akipitia kila alichokipima na kukipanga kwa wiki nzima, na hili halikuwemo. Uso ukamshuka. Alikuwa amefikiria mwendo, amefikiria mguu wangu na mahali pa kigoda, akasahau kwamba mashine nayo ina sauti. Kwa miaka yote hiyo chumba kile kilikuwa kimya, kamba haingurumi. Akasema polepole kwamba labda atakuwa ananiambia kwa mdomo, punguza, ongeza. Alilisema kama mtu anayeuza kitu asichotaka kuuza.

"Utaongea na kisu mkononi? Wewe hata kutafuna na kutembea hujui."

Nilikisogeza kigoda kwa miguu, sentimita kwa sentimita, nikijikokota juu yake na kuiburuta pedali, mbele kidogo, kando kidogo, mbali na mkia wa fimbo. Nikafika mahali ambapo hapakuwa tena na nafasi kati yangu na kiti chake. Nikaegemea. Bega lililoshika mgongo wake lilikuwa lile la kulia, lile bovu. Liliuma kidogo, kisha likapata mahali pake kati ya mabega yake mawili likatulia.

"Shika kazi," nikasema.

 Nikasikia mgongo wake ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, na si kwa sababu ya kazi. Sikumwambia kwamba nimejua analia. Halafu akachukua kisu, akainama, nami nikainama naye. Nikakanyaga. Mashine ikanguruma inavyotaka. Mgongo ukapanda, ukasimama pale juu, na mguu wangu ukapunguza kabla sijaufikiria. Maranda membamba meupe yakaanza kumwagika mapajani mwake. Akaachia pumzi, nikaachia pedali. Akavuta hewa ndefu, nikamwongezea.

Alipomaliza aliichomoa fimbo na kuiviringisha juu ya kioo cha dirisha tunachopimia. Ikapita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Akapitisha kidole kwenye ncha, akanipa na mimi nipitishe. Nilitafuta mahali ngozi inapokutana na pete, sikupapata.

"Imekaa," akasema.

Mkwe alichungulia mlangoni, akatuona tulivyokaa, akarudi tena kutazama gari lake.

Mume wangu alitaka kuinuka kufuata fimbo nyingine pembeni. Nilimwambia atulie, anyooshe mkono tu, zimejaa, ataifikia. Akanyoosha mkono akaifikia, kwa sababu mimi sikuwa tayari kuliondoa bega.